Gitaa Msafiri: Uhakiki wa Maonyesho ya Mwenda Jean Bosco, Yakisikilizwa kutoka Luberizi

1.0 Utangulizi

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wameandika mengi juu ya utenzi, riwaya na tamthilia, na baadaye juu ya taarabu. Juu ya mtu mmoja aliyeketi kitini na gitaa lake, akaimba kwa Kiswahili na kuzunguka nalo nchi na mabara, wameandika machache mno. Walioandika kwa kina juu ya mtu huyo ni wataalamu wa muziki, nao aghalabu wamelichambua gitaa na kuiacha lugha pembeni, kana kwamba maneno yalikuwa kisingizio tu cha kupigia nyuzi. Makala haya yanakusudia kuvirudisha pamoja vitu hivyo viwili ambavyo msanii mwenyewe hakuvitenganisha.

Msanii tunayemzungumzia ni Mwenda Jean Bosco, ambaye baadaye alijulikana pia kwa jina la Mwenda wa Bayeke. Alizaliwa Bunkeya, Katanga, mwaka 1930, na alifariki katika ajali ya gari mwaka 1990. Tutajiuliza maswali mawili. La kwanza: onyesho la mpigaji gitaa wa pekee, lililojengwa juu ya safari na juu ya muziki wa watu wengi, lina thamani gani kifasihi? La pili: linapohamishwa kutoka mtaani hadi kwenye ukumbi wa ughaibuni, linapata nini na linapoteza nini? Maswali haya si ya Katanga peke yake. Yanatuhusu sisi wa Kivu, ambao tunazungumza Kiswahili kinachokaribiana na chake na ambao neno "safari" limekuwa na maana nzito katika maisha yetu. Kwa sababu hiyo sehemu ya ushahidi wetu inatoka Luberizi, katika bonde la Ruzizi.

2.0 Safari Zilizotangulia Jukwaa

Siku hizi wauzaji wa rekodi hutumia istilahi "muziki wa dunia". Istilahi hiyo ilianza kutumika kibiashara mwaka 1987, pale wenye makampuni madogo ya rekodi walipokutana London na kukubaliana juu ya jina moja la kuwekea rafu za madukani muziki wote ambao haukuwa na mahali pake. Hivyo jina lilizaliwa kwa haja ya muuzaji. Tangu hapo limejenga picha fulani katika fikra za watu: mwanamuziki aliyesomea Ulaya au Marekani anasafiri, anasikia, anakusanya, kisha anarudi kwao na kutoa onyesho "lililochochewa na safari zake". Katika picha hiyo msafiri ni mgeni, na mwenyeji ni sehemu ya mandhari.

Maisha ya Mwenda yanaipindua picha hiyo. Tuanze na mahali alipozaliwa. Bunkeya ilikuwa makao makuu ya Msiri, mtawala wa Bayeke katika karne ya 19. Msiri, ambaye jina lake la awali lilikuwa Ngelengwa, alitoka upande wa Unyamwezi, katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Alikuja na misafara ya biashara ya shaba, pembe za ndovu na watumwa, akaunda dola lililodumu hadi alipouawa na watu wa msafara wa Stairs mnamo Desemba 1891. Jina la Mwenda lenyewe ni jina la ukoo huo wa kitawala. Kwa hiyo kijana aliyezaliwa Bunkeya mwaka 1930 alikuwa mjukuu wa safari. Alirithi mji ulioanzishwa na wasafiri, na eneo ambalo Kiswahili kilifika na misafara kabla hakijafanywa lugha ya kazi migodini.

Safari ya pili ni ya reli na mgodi. Kampuni ya Union Minière iliundwa mwaka 1906, na reli kutoka kusini ilifika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910. Watu walikuja kufanya kazi kutoka Kasai, Rhodesia ya Kaskazini, Rwanda na Burundi. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986 juu ya lugha na utawala wa kikoloni, ameeleza jinsi Kiswahili kilivyokuzwa katika mazingira hayo ya kambi za wafanyakazi. Pamoja na watu hao zilikuja ngoma zao, likembe zao, nyimbo zao za harusi na za misiba, na magitaa yaliyonunuliwa madukani kwa mshahara. Kijana mwenye sikio zuri hakuhitaji kupanda meli ili asikie muziki wa watu wengine. Dunia ilikuwa imemjia mtaani.

Safari ya tatu ni ya sahani ya santuri. Mwaka 1952 Hugh Tracey, Mwingereza aliyekuwa akiishi Afrika Kusini, alimkuta Mwenda akipiga gitaa mjini Jadotville, ambao leo ni Likasi, akamrekodi. Miongoni mwa nyimbo hizo ulikuwemo "Masanga", ambao ulipata tuzo ya Osborn na kuenea kwa santuri katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki, ya Kati na ya Kusini. Mara nyingi tunasoma kwamba Tracey "alimgundua" Mwenda. Neno hilo lafaa kuhojiwa. Mtu anayepiga gitaa barabarani, akizungukwa na watu wanaomsikiliza, amekwisha gunduliwa na watu hao. Tracey alifanya jambo jingine, na lilikuwa jambo kubwa: alikipa kipaji kilichojulikana mtaani chombo cha kusafiria.

Matokeo yalionekana Kenya. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Mwenda alikwenda Nairobi, na binamu yake Edouard Masengo naye alipata umaarufu huko. Vijana wa Kenya waliosikia santuri na redio walijifunza mtindo wa vidole viwili, wakauoanisha na midundo ya kwao. Wapigaji wa magharibi mwa Kenya, kama George Mukabi aliyefariki mwaka 1963, waliufanya mtindo huo kuwa wao kabisa. Hapa msafiri aliyekuwa akikusanya na kugawa muziki wa dunia ni Mkongo, na lugha iliyombeba ni Kiswahili.

3.0 Mkono wa Mpigaji

Kabla ya kufika kwenye maneno, hatuna budi kueleza kinachotokea mkononi, kwa kuwa ndicho kilichowashangaza wataalamu. David Rycroft alichapisha katika jarida la "African Music", mwaka 1961 na 1962, uchambuzi wa kina wa jinsi Mwenda anavyobuni papo kwa papo. Kwa ufupi ni hivi. Mkono wa kulia hutumia kidole gumba na kidole cha shahada tu. Kidole gumba hushika nyuzi nene na kutembea nazo kwa mwendo usiokatika. Kidole cha shahada huimba juu yake kwa nyuzi nyembamba. Kwa kuwa mapigo ya kidole cha shahada hayaangukii daima pale yanapoangukia ya kidole gumba, msikilizaji husikia sauti mbili, na wakati mwingine hudhani anasikia ya tatu ambayo hakuna kidole kinachoipiga.

Wimbo hauendi mbele kama barabara iliyonyooka, bali huzunguka. Mzunguko mfupi hurudiwa, na kila ukirudiwa jambo dogo hubadilika: noti inacheleweshwa, kifungu kinageuzwa, besi inanyamaza kidogo kisha inarejea. Mhakiki aliyezoea muziki wa Ulaya, ambamo kipande huwa na mwanzo, kilele na mwisho, aweza kudhani kwamba hakuna kinachotendeka. Mhakiki aliyezoea ngano ya jioni hapati taabu hiyo. Fanani wa ngano pia hurudia kiitikio, na ustadi wake hupimwa kwa namna anavyokirudia bila kuichosha hadhira.

Hapa yafaa kukumbuka kwamba hata Ulaya gitaa halikuanzia ukumbini. Andrés Segovia, Mhispania aliyeishi kuanzia mwaka 1893 hadi 1987, alitumia maisha yake yote akilipigania gitaa likubaliwe kuwa chombo cha ukumbi mkubwa, maana lilihesabiwa kuwa la baa na la kuburudishia wapita njia. Mwenda na Segovia, kila mmoja kwa njia yake, walifanya kazi ya kufanana: waliketi peke yao mbele ya watu na kuonyesha kwamba chombo kimoja kinatosha. Tofauti ni kwamba Segovia aliondoka mtaani akauacha. Mwenda alipoingia ukumbini aliingia na mtaa wake, maana alikuwa akiimba.

4.0 Lugha Inayosafiri

Kiswahili cha nyimbo za Mwenda si kile cha vitabu vya shule za Dar es Salaam au Zanzibar, wala si Kiswahili cha mtaa wa Lubumbashi kitupu. Ndani yake husikika tabaka zaidi ya moja. Kuna mahali anapoelekea kwenye usanifu, hasa anapojua kwamba santuri itasikika mbali, na kuna mahali anaporudi kwenye usemi wa nyumbani. Msanii anayevuka mipaka hufanya hivyo kwa kawaida: hupanua lugha ili wengi waielewe, lakini huacha ndani yake alama za kwao ili wa kwao wamtambue.

Majina ya nyimbo peke yake yatosha kuwa mfano. Wimbo mmoja unaitwa "Kijana Muke". Msomaji wa pwani atasita, kwa kuwa kwake "kijana" na "mke" hukaa katika sentensi tofauti. Ataona kosa la sarufi au habari ya kijana na mkewe. Msikilizaji wa Kongo ya Mashariki hasiti. "Muke" hapa ni wa kike, na jina lote lamaanisha msichana. Wimbo mwingine unaitwa "Tambala Moja". Kwa Kiswahili sanifu tambara ni kitambaa kikuukuu, cha kupangusia. Kwetu kitambala ni leso au kilemba cha kichwani, kitu cha heshima ambacho mwanamume humnunulia mwanamke anayempenda. Atakayeufasiri wimbo kwa kamusi ya pwani atauharibu tangu neno la kwanza.

"Masanga" nao una fumbo lake. Kwa Kilingala, na katika usemi wa Wakongo wengi, masanga ni pombe. Lakini rekodi ya mwaka 1952 hupatikana pia kwa jina la "Masanga Njia", na hapo maana ya pombe haikai vizuri. Lugha kadhaa za Kibantu za eneo letu zina mzizi "sanga" wenye maana ya kukuta, kukutana au kukusanyika, mzizi unaosikika pia katika neno la Kilingala "kosangana". Tukifuata njia hiyo, jina laweza kusomwa kama mahali njia zinapokutana, yaani njia panda. Sisemi kwamba usomaji wa pombe ni batili. Nasema kwamba jina linalobeba kinywaji na njia panda kwa pamoja linalingana na mtu aliyekulia katika miji ambamo watu wa njia zote walikutana jioni mbele ya chupa na gitaa.

Kuna wanaodai kwamba mjadala huu hauna maana, kwa sababu muziki huzungumza bila maneno na "Masanga" hupendwa hata na wasiojua neno moja la Kiswahili. Hoja hiyo ina ukweli nusu. Ni kweli kwamba wapigaji wengi wa Ulaya na Marekani wamejifunza vidole vya Mwenda bila kujifunza lugha yake. Lakini tukichunguza jinsi sauti ya uimbaji inavyokaa juu ya nyuzi, tunaona kwamba gitaa mara nyingi hujibu silabi. Mahali neno linapomalizika kwa mkazo wa silabi ya pili kutoka mwisho, kama ilivyo kawaida ya Kiswahili, kidole cha shahada hupokea na kumalizia. Anayejifunza noti bila neno hupata jibu bila kulisikia swali.

5.0 Ushahidi wa Luberizi

Luberizi iko kando ya barabara inayotoka Bukavu, ikashuka mteremko wa Ngomo hadi Kamanyola, kisha ikafuata bonde la Ruzizi kupitia Luvungi na Sange hadi Uvira. Upande mmoja ni milima, upande wa pili ni mto na nchi ya Burundi. Wakazi wanazungumza Kifuliiru na Kirundi, na Kiswahili ndicho lugha ya sokoni, ya shule na ya barabara. Ni mahali pazuri pa kujaribia hoja yetu: pana wasikilizaji wa Kiswahili cha Kongo ambao si watu wa Katanga na ambao hawana haja ya kumsifu Mwenda kwa uzalendo wa mkoa.

Niliwapigia rekodi za mwaka 1952 wasikilizaji wachache wa hapo: walimu wawili, mshonaji mmoja, na mzee aliyewahi kuajiriwa kiwanda cha sukari cha Kiliba. Sikuwaambia jina la msanii wala mwaka. Mambo matatu yalijitokeza.

Kwanza, mzee alisema kwamba anayepiga "ana inanga kichwani". Inanga, chombo cha ubao chenye nyuzi ambacho Warundi wanakijua sana na ambacho Bashi wanakiita lulanga, hupigwa na mtu mmoja anayeimba taratibu, sauti yake ikitambaa juu ya nyuzi zinazozunguka. Siwezi kuthibitisha kwamba Mwenda aliwahi kukaa karibu na mpiga inanga, na pengine si lazima. La muhimu ni kwamba msikilizaji wa bonde la Ruzizi hakuhitaji istilahi ya muziki wa dunia ili aupe wimbo wa Katanga mahali. Aliuweka karibu na kitu cha kwao, na mlinganisho wake ni sahihi kimuundo: mtu mmoja, nyuzi, mzunguko, maneno.

Pili, walimu walibishana juu ya lugha. Mmoja alisema Kiswahili cha nyimbo hizi ni "cha zamani na safi". Mwenzake alisema ni "cha mitaani". Mabishano hayo yanafundisha. Mwalimu wa kwanza alikuwa akiilinganisha lugha hiyo na mseto wa vijana wa Bukavu, ule ambao Didier Goyvaerts aliuchunguza mwaka 1988 chini ya jina la Indubil. Mwalimu wa pili alikuwa akiilinganisha na vitabu vya darasani. Wote wawili walikuwa sahihi kwa kipimo alichoshika kila mmoja, na hilo laonyesha jinsi vipimo vyetu vya usanifu vilivyo vigumu kuvitumia kwa sanaa iliyozaliwa safarini.

Tatu, mshonaji aliuliza swali ambalo sikulitegemea: "Huyu baba alikuwa anaenda wapi?" Alisikia katika muziki mwendo wa mtu anayetembea. Nilipomweleza kwamba msanii alizunguka nchi nyingi kwa ajili ya gitaa lake, alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba huko kwao watu wanatembea sana pia, ila hawabebi gitaa.

Maneno hayo yanastahili kupewa uzito kuliko sentensi nyingi za kitaaluma. Tangu Oktoba 1996, vita vilipoanzia katika bonde hili na kuenea nchi nzima, barabara ya Luberizi imepitisha majeshi na wakimbizi mara nyingi. Kwa watu wengi wa hapo safari ni godoro kichwani na mtoto mgongoni. Msomi anapoandika kwa furaha juu ya msanii aliyechochewa na safari, hana budi kukumbuka kwamba ziko safari za namna tatu. Iko safari ya hiari, ambayo mtu huenda kutafuta uzuri. Iko safari ya kazi, kama ile ya watu wa migodi na ya Mwenda mwenyewe. Na iko safari ya kukimbia. Istilahi ya muziki wa dunia inaitambua ya kwanza tu. Nyimbo za Mwenda zimetokana na ya pili, na ndiyo maana msikilizaji anayeijua ya tatu aliweza kuutambua mwendo wake.

6.0 Ukumbi na Gharama Yake

Sasa tuingie ukumbini. Mwaka 1969 Mwenda alipanda jukwaa la tamasha la Newport, Marekani. Mwaka 1982 alizuru Ujerumani, na Gerhard Kubik alimpiga picha za filamu akiwa peke yake na gitaa. Sehemu ya picha hizo ilitolewa mwaka 1995 katika mkanda uitwao "African Guitar", pamoja na wapigaji wengine wa pekee kutoka Uganda, Malawi, Zambia na kwingineko. Mwaka 1988 alirekodi Cape Town nyimbo zilizotolewa mwaka 1994, baada ya kifo chake, kwa jina la "Mwenda wa Bayeke".

Faida za ukumbi ni dhahiri. Kamera ya Kubik imetuhifadhia mikono, jambo ambalo santuri haikuweza. Mwanafunzi wa leo aweza kuona kile ambacho Rycroft alilazimika kukikisia kwa sikio. Studio ya Cape Town imetoa sauti safi, ambamo kila uzi unasikika. Na heshima ya jukwaa ilimwonyesha msanii kwamba kazi yake ya ujana haikusahauliwa. John Low, Mwingereza aliyekwenda Shaba mwaka 1979 kuwatafuta wapigaji wa miaka ya 1950 na akachapisha shajara ya safari hiyo mwaka 1982, ametuonyesha jinsi kizazi hicho kilivyokuwa kimefunikwa na magitaa ya umeme ya Kinshasa.

Pamoja na faida hizo, kuna gharama, na mhakiki hapaswi kuificha kwa sababu ya heshima. Tukilinganisha rekodi za mwaka 1952 na zile za mwaka 1988, tunaona kwamba baadhi ya nyimbo ni zile zile za zamani. Vidole bado ni hodari. Kinachopungua ni mazungumzo. Mwaka 1952 msanii anaimba mbele ya watu wanaoweza kumjibu: wanaijua leso, wanamjua msichana, wanaijua pombe na deni lake. Neno linatupwa likijua litadakwa. Katika rekodi za baadaye neno linatamkwa vizuri, lakini halimlengi mtu. Hadhira ya Newport ilipiga makofi kwa ajili ya gitaa, nayo haikuwa na kosa. Lakini msanii anayepigiwa makofi kwa jambo moja tu hufunzwa polepole kulitanguliza jambo hilo. Wimbo unaanza kusinyaa ukawa kipande cha gitaa chenye sauti ya mtu ndani yake.

Tunaweza kuipima hoja hii kwa kumtazama Francis Bebey. Bebey alizaliwa Douala, Kamerun, mwaka 1929 na kufariki Paris mwaka 2001. Alikuwa mwanahabari, mtumishi wa UNESCO, mwandishi wa riwaya na mpigaji gitaa wa kiklasiki aliyetoa maonyesho ya pekee kwenye kumbi za Ulaya na Afrika, akilifanya gitaa liige sauti za sanza na za ngoma. Yeye alijua tangu mwanzo kwamba hadhira yake haielewi Kiduala, hivyo alitunga vipande vya gitaa vinavyojitosheleza, na alipotaka maneno aliandika riwaya au aliimba kwa Kifaransa cha mzaha. Bebey alizigawa kazi zake mbili. Mpigaji mashuhuri wa kiklasiki John Williams, alipotoa mwanzoni mwa miaka ya 2000 rekodi ya muziki wa Afrika iitwayo "The Magic Box", aliweza kuingia katika njia hiyo ya Bebey bila kupoteza kitu kikubwa, kwa kuwa ilikuwa imeandaliwa kwa ajili ya nyuzi peke yake. Hali kadhalika Derek Gripper wa Cape Town, katika rekodi yake ya mwaka 2012, aliuhamishia kwenye gitaa la kiklasiki muziki wa kora wa Toumani Diabaté, na kazi yake inasimama kwa sababu kora ya Diabaté ilikuwa tayari ikizungumza bila mwimbaji.

Mwenda hakuigawa kazi yake hivyo, na hakuwa na sababu ya kufanya hivyo. Ndiyo maana kumweka katika fungu moja na Bebey au Gripper, kama rafu ya muziki wa dunia inavyofanya, ni kumpunguza. Yeye ni malenga ambaye zana yake ni gitaa, na onyesho lake limekamilika tu pale ambapo vidole na maneno vinapata wa kuvisikia. Haina maana kwamba asingepaswa kwenda Newport. Ina maana kwamba waliomwalika walipaswa kuwapa wasikilizaji maneno yake, na kwamba sisi tunaojiita wanafunzi wa Kiswahili tulipaswa kuwa tumekwisha yaandaa maneno hayo.

7.0 Hitimisho

Tumeona kuwa onyesho la Mwenda Jean Bosco ni zao la safari nyingi, na kwamba ndani ya safari hizo yeye hakuwa mandhari ya mgeni bali msafiri mwenyewe, akikusanya na kugawa. Tumeona vilevile kwamba thamani yake kifasihi hukaa katika maungano ya mkono na lugha, na kwamba ukumbi wa ughaibuni uliuhifadhi mkono ukailegeza lugha. Lawama ya jambo hili haimwelekei msanii. Inaielekea taaluma iliyomwacha aende peke yake.

Kazi iliyobaki inaweza kufanyika. Diski ya "Origins of Guitar Music", yenye rekodi za Tracey za kusini mwa Kongo na kaskazini mwa Zambia za miaka ya 1950, inapatikana kwa wachunguzi. Nyimbo zake zinapaswa kuandikwa upya neno kwa neno na watu wanaokijua Kiswahili cha Kongo, bila kusahihishwa kuwa sanifu, na kuwekewa maelezo ya matumizi ya Katanga na ya Kivu. Idara zetu zina wanafunzi wanaotafuta mada za tasnifu kila mwaka. Hii ni moja, nayo haihitaji fedha nyingi. Aidha, wapigaji wa pekee wa bonde la Ruzizi na wa vilima vya Bushi wanapaswa kurekodiwa wangali hai, pamoja na wapiga inanga na lulanga, ili ulinganisho uliofanywa na mzee mmoja kwa sikio upate kuchunguzwa kwa utaratibu.

Na rekodi hizo, zikishaandaliwa, zisiishie maktabani. Zirudishwe kando ya barabara ile ile, kwa walimu, mshonaji na mzee, ambao kwa jioni moja walitupatia maswali matatu ambayo vitabu havikuwa vimetupatia.